Bega la Kondoo Katika Chungu cha Umeme: Mwongozo Kamili wa Kupika Polepole

Nyama ya kondoo inayouzwa katika mabucha mengi ya Tanzania na Kenya hutoka kwa mnyama aliyekomaa, aliyezunguka malishoni kwa mwaka mzima au zaidi, na kwa sababu hiyo ina ladha nzito na nyuzi ngumu. Mapishi mengi ya kondoo tunayoyasoma mtandaoni, kwa upande mwingine, yameandikwa Uingereza, Australia au New Zealand kwa ajili ya mwanakondoo ambaye hajafikisha mwaka, na mpishi wa kwetu anayefuata saa zilizotajwa humo huishia kupakua nyama inayovutana na meno. Chungu cha umeme cha kupikia polepole kinaitibu kasoro hiyo vizuri kuliko karibu kila chombo kingine cha jikoni, ila kwa masharti mawili ambayo wapishi wengi hawayapendi: muda usipunguzwe, na maji yasizidishwe.

Mwongozo huu unahusu bega zima lenye mfupa, la uzito wa kilo 2 hivi, linalotosha watu sita hadi wanane. Anayetaka kutumia paja la kondoo, au bega la mbuzi, atafuata njia hiyohiyo, na tofauti zilizopo zimetajwa mahali pake.

Kinachotokea ndani ya chungu

Chombo chenyewe si kigeni kama kinavyoonekana. Mvumbuzi wa Chicago aitwaye Irving Naxon alipata hataza yake mwaka 1940, akiwa amechochewa na masimulizi ya mama yake kuhusu chakula cha Sabato cha Wayahudi wa Lithuania, ambacho kiliachwa usiku kucha katika tanuri ya mwokaji iliyokuwa ikipoa. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake na mwaka 1971 ikaanza kuuza chungu hicho kwa jina la Crock-Pot. Ukikifungua leo utakuta mambo matatu tu: bakuli zito la kauri, waya wa joto uliolizunguka kwa nje, na mfuniko.

Bega ni kiungo kinachobeba uzito wa mnyama kila anaposimama na kila anapotembea, hivyo misuli yake imefungwa kwa utando mweupe na mgumu wenye kolajeni nyingi. Nyama hiyo ikifika nyuzijoto 70 hivi za Selsiasi huwa imeiva kwa maana ya usalama, lakini huo ndio wakati inapokuwa ngumu kuliko wakati wowote, kwa kuwa nyuzi zake zimejikunyata na kukamua maji huku kolajeni ikiwa bado haijayeyuka. Ikiachwa iendelee kukaa kati ya nyuzijoto 80 na 95 kwa saa kadhaa, kolajeni hugeuka kuwa jelatini, ule ute unaozifanya nyuzi ziachane zenyewe na kuupa mchuzi uzito wa kunata midomoni. Mpishi anayefunua chungu katikati ya safari, akaonja na kukuta nyama ngumu, mara nyingi huamua kwamba imepikwa kupita kiasi. Ukweli ni kinyume chake: haijapikwa vya kutosha.

Kitasa cha chungu huwa na alama tatu. LOW na HIGH hufikia karibu joto lilelile mwishowe, yaani chini kidogo ya kiwango cha kuchemka, na tofauti yao kubwa ni kasi ya kufika huko. WARM ni ya kuhifadhi chakula ambacho kimeshaiva, na haifai kabisa kupikia nyama mbichi, kwa sababu huiacha nyama muda mrefu katika joto ambalo vijidudu hulifurahia.

Kuchagua chungu

Bega la kilo 2 linahitaji chungu cha lita 5.5 hadi 6, na chenye umbo la yai kinafaa zaidi kuliko cha duara, kwa kuwa mfupa mrefu hulala bila kusukuma mfuniko. Chungu cha ukubwa huo hutumia takriban wati 200 hadi 300, kwa hiyo kupika mchana kutwa hugharimu kama uniti 2 za umeme, na hata inveta ya wastani ya nyumbani inaweza kukihimili.

Kwa mazingira yetu ya umeme unaokatika, nashauri chungu cha kitasa cha kuzungusha badala ya kile cha vitufe na skrini. Vingi vya aina ya pili, umeme ukikatika na kurudi, hubaki vimezimwa hadi mtu aje kuvibonyeza upya, wakati kile cha kitasa huendelea na kazi palepale kilipoachia. Pia, mwenye ndugu Marekani anayetaka kumletea zawadi ya chungu amkumbushe kwamba vyombo vya huko hutengenezwa kwa volti 120, na kukichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Dar es Salaam au Mombasa ni kukiunguza siku ya kwanza.

Buchani

Kati ya bega na paja, ninapendelea bega. Paja huonekana zuri mezani na lina nyama nyingi, lakini ni kavu zaidi, na baada ya saa nane chunguni sehemu zake nene huanza kuwa kama uzi. Bega lina mafuta membamba yaliyopita katikati ya misuli pamoja na kolajeni nyingi, yaani vitu vinavyohitaji hasa mpiko mrefu, na kwa kawaida halina wagombea wengi.

Tatizo la kwanza ni shoka. Katika bucha zetu nyama hukatwakatwa juu ya gogo kabla mteja hajamaliza kusema, na vipande vya mifupa hutawanyika kila mahali. Ni lazima uwahi. Mwenye bucha akiuliza, “Nikukatie saizi gani?” jibu liwe, “Hapana kaka, niachie zima, nitolee muundi tu hapa kwenye kifundo, na kama una msumeno tumia msumeno.” Muundi huo usiuache buchani, utaingia chunguni pembeni ya bega na ndio utakaotoa sehemu kubwa ya ute wa mchuzi.

Tazama rangi ya mafuta na ya nyama. Nyama ya waridi iliyokolea yenye mafuta meupe hutoka kwa mnyama mdogo. Nyekundu iliyoiva kuelekea rangi ya zambarau ni ya aliyekomaa, na hiyo haina ubaya wowote mradi umepanga saa za kutosha. Ikiwa kichwa kimewekwa hapo mbele, meno ya chini husema zaidi kuliko muuzaji: kondoo hutoa jozi ya kwanza ya meno makubwa ya mbele akiwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu.

Jambo ambalo wengi hawalijali ni siku ya kuchinja. Nyama iliyochinjwa alfajiri na kupikwa mchana wake iko katika hali ya kukakamaa, na hata mpiko mrefu hauifuti kabisa hali hiyo. Ilaze kwenye jokofu usiku mmoja, ikiwezekana miwili, ndipo uipike. Kwa wanaochinja wenyewe wakati wa Idi Kubwa, ushauri huu unamaanisha kwamba maini na figo ziliwe siku ya kwanza, na bega lisubiri.

Siku moja kabla: kusafisha na kukoleza

Malalamiko makubwa juu ya kondoo ni harufu yake, na harufu hiyo hukaa hasa ndani ya mafuta. Kwa kisu chenye makali, ondoa shahamu nene iliyo juu ya bega hadi ibaki tabaka la milimita 3 hivi, kisha ondoa vinundu vya mafuta vilivyojificha kati ya misuli. Anayetumia paja atafute, katikati ya mafuta yaliyo nyuma ya goti, tezi ndogo ya kijivu au kahawia yenye ukubwa wa harage, na aitoe yote. Ladha yake si nzuri, na ikipikwa saa kumi humo ndani husambaa. Utando mwembamba unaong'aa juu ya nyama, ule unaofanana na karatasi, uubandue pia, kwani hauyeyuki. Mafuta ya mkia, kwa wale kondoo wetu wenye mikia minene, yasiingie chunguni kabisa.

Nyama usiioshe chini ya bomba, kwa sababu maji yanayoruka hupeleka vijidudu kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo jirani. Ikiwa ina chembe za mfupa, zipanguse kwa karatasi ya jikoni au kitambaa safi kilicholoweshwa, kisha ikaushe vizuri.

Chumvi ya bega la kilo 2 lenye mfupa ni vijiko viwili na nusu vya chai, yaani gramu 15 hivi. Viungo ninavyovipendekeza ni vya pwani: kijiko kimoja cha chakula cha bizari nyembamba, kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za giligilani, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga, iliki sita, karafuu nne na kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole. Kaanga kavu bizari, giligilani na pilipili manga kwa dakika mbili hadi harufu itoke, zitwange, kisha uzichanganye na punje nane za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, vyote vikiwa vimepondwa, pamoja na vijiko viwili vya mafuta. Iliki, karafuu na mdalasini vibaki vizima na viwekwe kando hadi kesho. Usizidishe karafuu hata kama unaipenda, kwa kuwa chungu hiki hakipumui, na manukato ambayo katika sufuria ya kawaida yangepotea na mvuke hapa hurudi yote ndani ya mchuzi.

Toboa bega mahali kumi hivi kwa ncha ya kisu, lipake chumvi kwanza, kisha rojo ya viungo, ukisukumiza rojo ndani ya matundu kwa kidole. Lifunike na kuliweka sehemu ya chini ya jokofu hadi asubuhi.

Na papai bichi? Wapo watakaotaka kulipaka, kwa kuwa ndilo dawa ya kawaida ya nyama ngumu tunapochoma. Hapa liepukwe. Kimeng'enya cha papai hufanya kazi kwa nguvu zaidi kadiri nyama inavyokaribia nyuzijoto 65 hivi, na chungu hiki hupanda joto taratibu mno, hivyo kimeng'enya hupata saa nyingi za kutafuna nyama kabla hakijauawa na joto. Matokeo yake ni uso wa nyama uliogeuka uji huku katikati kukiwa bado.

Asubuhi: kuibabua nyama

Ndani ya chungu joto halivuki kiwango cha kuchemka, na kwa hiyo nyama haiwezi kupata ile rangi ya kahawia na ladha ya kuchoma ambayo huhitaji uso mkavu na moto wa zaidi ya nyuzijoto 140. Hiyo lazima ipatikane nje. Si kweli kwamba kubabua “hufungia maji ndani”, lakini ni kweli kwamba bega lisilobabuliwa hutoa mchuzi wa kijivu wenye ladha ya nyama ya kuchemsha.

Kikaango cha kawaida hakitoshi bega zima. Njia bora kwa jiko la kwetu ni mkaa: washa jiko, subiri makaa yashike jivu jeupe, weka wavu, kisha ligeuzegeuze bega kwa dakika 12 hadi 15 hadi kila upande uwe na madoa ya kahawia iliyokolea. Rojo ya viungo iliyo juu kabisa ikwangue kwanza na kuihifadhi kwenye kikombe, la sivyo kitunguu saumu kitaungua na kuleta uchungu. Moshi kidogo unaopata hapo utausikia saa kumi baadaye katika mchuzi, na ni jambo ambalo mwenye tanuri ya umeme hawezi kulipata. Asiye na mkaa atumie karai pana lenye mafuta kidogo, au tanuri iliyopata nyuzijoto 230 kwa dakika 20.

Kazi hii ifanyike asubuhi ileile ya kupika. Kubabua usiku na kuiacha nyama ikiwa nusu mbichi hadi kesho ni kuwapa vijidudu nafasi bila sababu.

Kupanga chunguni

Joto hutoka pembeni na chini, na mboga za mizizi, kinyume na tunavyodhani, huchelewa kulainika kuliko nyama. Kwa hiyo zianze chini: vitunguu maji vitatu vilivyokatwa vipande vinene, karoti tatu na viazi mviringo vinne vilivyokatwa vipande vya sentimita 4 hivi. Mimina juu yake nyanya mbili zilizokunwa, rojo iliyobaki na vile viungo vizima, kisha lilaze bega upande wenye mafuta ukiwa juu, na muundi pembeni yake.

Maji ni mililita 150 tu, ya moto, yaani kama nusu kikombe kikubwa cha chai. Najua mkono utataka kuongeza. Sisi tumezoea kuona nyama ikielea, na jikoni mwa watu wengi kiasi hiki huonekana kama dhihaka. Lakini mvuke wa chungu hiki hugonga mfuniko na kurudi, nyama yenyewe hutoa maji, vitunguu na nyanya hutoa yao, na mwishoni utakuta vikombe viwili au zaidi vya mchuzi mzito. Ukianza na lita moja utamaliza na supu nyepesi, na bega litakuwa limechemshwa.

Chungu kijae kati ya nusu na robo tatu, na mfuniko ukae sawa bila mwanya. Ukwaju, ndimu na siki visiingie sasa, kwani uchachu huzuia viazi na karoti kulainika. Tui la nazi nalo lisubiri hadi mwisho, wakati wa kushughulikia mchuzi, maana likikaa humo mchana kutwa hukatika na kuelea kama mafuta na chembechembe. Na kwa anayetaka kuongeza maharage mekundu: yaloweke usiku kucha na kuyachemsha kwa nguvu katika sufuria ya kawaida, angalau dakika 10, kabla ya kuyatia. Maharage mabichi yana sumu ambayo joto la polepole halihakikishi kuiondoa, na inasababisha kutapika na kuharisha.

Nyama iliyoganda isiingie chunguni kwa hali yoyote. Iyeyushwe kwanza kwenye jokofu, jambo ambalo kwa bega zima huchukua siku nzima au zaidi.

Saa zenyewe

Anza na HIGH kwa saa moja ili nyama ivuke upesi joto la hatari lililo kati ya nyuzijoto 5 na 60, kisha shusha hadi LOW. Kwa mwanakondoo wa chini ya mwaka, saa 7 hadi 8 za LOW zinatosha. Kwa kondoo aliyekomaa, hesabu saa 9 hadi 10, na kwa bega la mbuzi mzee hata 11. Anayetumia HIGH mwanzo hadi mwisho atamaliza kwa saa 5 au 6, na nyama italiwa, lakini nyuzi za nje huwa kavu zaidi. Ninaiona kama njia ya dharura tu. Paja lipunguziwe saa moja katika hesabu hizo na kuangaliwa mapema.

Wanaoishi nyanda za juu waongeze muda. Jijini Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 badala ya 100, na chungu kinachokaa chini kidogo ya hapo huhitaji saa moja zaidi ya kile cha Tanga.

Kwa mfano, chakula cha saa 1 usiku: chungu kiwashwe saa 2 asubuhi, kishushwe saa 3, na nyama iwe tayari saa 12 jioni, ili ibaki saa moja ya kushughulikia mchuzi. Kwa chakula cha mchana, washa saa 5 usiku, shusha saa 6 kabla ya kulala, na asubuhi saa 3 nyama itakuwa imefika. Iwekwe WARM hadi wageni wakaribie.

Mfuniko usifunuliwe. Kila unapoufunua unaondoa joto ambalo chungu, kwa moto wake mdogo, huchukua dakika 20 hadi 30 kulirudisha. Ukitaka kuona, zungusha mfuniko kidogo ukiwa umefungwa ili matone ya mvuke yaanguke, nawe uchungulie kupitia kioo. Hakuna cha kukoroga humo.

Umeme ukikatika

Ukiwa nyumbani na umeme ukakatika katika saa za mwanzo, usisubiri kuona utarudi lini. Hamishia kila kitu kwenye sufuria nzito, ongeza kikombe kimoja cha maji, na umalizie kwenye gesi au mkaa kwa moto mdogo sana, mfuniko ukiwa umebana. Saa mbili na nusu hadi tatu zitatosha. Ikiwa nyama ilikuwa imeshaiva, inaweza kukaa ndani ya chungu kilichofunikwa hadi saa mbili bila madhara.

Hali ngumu ni ya mtu aliyekuwa kazini. Akirudi na kukuta chungu kimezimika, au saa ya ukutani ya umeme ikimwekamweka na hajui umeme ulikuwa umekatika kwa muda gani, nyama hiyo itupwe, hata kama inanukia vizuri. Kuichemsha upya hakusaidii, kwa kuwa baadhi ya bakteria huacha sumu ambayo moto hauiharibu. Inauma kutupa kilo 2 za nyama, na ndiyo sababu mtu anayetoka mchana kutwa mahali ambapo umeme hautabiriki ni heri apike usiku akiwa nyumbani, au siku ya mapumziko.

Kujua kama imefika

Chomeka uma katika sehemu nene karibu na mfupa bapa wa bega na uuzungushe. Uma ukizunguka na nyuzi zikaachana bila ubishi, imefika. Dalili nyingine ni mfupa wenyewe: ukiushika kwa koleo na kuuvuta polepole, unachomoka mweupe na safi. Mwenye kipimajoto atafute nyuzijoto 90 hadi 95 katikati ya nyama, mbali na mfupa; kwa mkazi wa nyanda za juu, 88 au 90 hutosha mradi uma unakubali. Ukikuta bado ina ukinzani, funika na uipe saa moja nyingine. Bega husamehe saa ya ziada kwa urahisi sana kuliko saa iliyokosekana.

Mchuzi, na uso wa nyama

Toa bega kwa vijiko viwili vipana au mwiko na koleo, maana litataka kumeguka, liweke kwenye sinia na kulifunika kwa foili lipumzike dakika 20. Mboga zitoe kwa kijiko chenye matundu. Mchuzi uchuje kwenye jagi na uuache dakika 10 hadi mafuta yapande juu, kisha yaenguwe yote.

Hatua hii ya kuengua mafuta si ya urembo. Shahamu ya kondoo huganda mapema kuliko mafuta ya kuku au ya mimea, na mchuzi ukipoa kidogo mezani mlaji huhisi utando unaonata kwenye kaakaa. Watu wengi wanaosema hawapendi kondoo, kwa maoni yangu, wanachokichukia ni utando huo. Engua vizuri, na upakue katika sahani zilizopashwa moto.

Mchuzi uliobaki utie kwenye sufuria na kuuchemsha bila mfuniko kwa dakika 10 hadi 15 upungue kwa theluthi moja. Hapa ndipo ukwaju unapoingia, vijiko viwili vya chakula vya maji mazito ya ukwaju, au juisi ya ndimu moja. Onja chumvi sasa, na si kabla ya kupunguza. Anayetaka mchuzi wa nazi atie kikombe kimoja cha tui zito na kuuacha utokote taratibu kwa dakika tano, bila kuuchemsha kwa nguvu.

Kwa anayetaka uso uliokauka na kung'aa, pakaza bega vijiko vichache vya mchuzi huo mzito na ulitie kwenye tanuri ya nyuzijoto 220 kwa dakika 12 hadi 15. Asiye na tanuri analiweka kwenye sinia la bati, analifunika kwa bati jingine, na kupanga makaa juu yake, kama tunavyofanya kwa keki ya mkaa.

Kuna namna nyingine inayostahili kujaribiwa na wenye ndugu Oman, ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zinaijua shuwa ya Idi: nyama iliyokolezwa viungo, ikafungwa kwa majani na kufukiwa kwenye shimo la makaa kwa siku moja au mbili. Chungu cha umeme hakiwezi kuleta moshi wa shimo, lakini jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto hadi likalainika, likafungwa kulizunguka bega lililobabuliwa kwenye mkaa, huleta harufu iliyo jirani sana. Katika namna hiyo maji yapunguzwe hadi mililita 100, na viazi viachwe.

Wali mweupe au wa nazi unafaa zaidi kuliko ugali kwa nyama hii, kwa kuwa mchuzi wake ni mchache na mzito. Kachumbari yenye ndimu nyingi ni ya lazima.

Kiporo na chungu

Kinachobaki kitolewe mifupa, kikatwe vipande, na kiingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili kikiwa katika vyombo vifupi ili kipoe haraka. Kitakaa siku tatu hadi nne. Kipashwe kwenye jiko la kawaida hadi kichemke. Chungu cha umeme hakifai kupashia kiporo, kwa sababu hukiacha vuguvugu kwa muda mrefu mno.

Bakuli la kauri likiwa bado moto lisitiwe maji baridi, wala likitoka kwenye jokofu lisiwekwe juu ya waya uliokwisha kupata moto. Yote mawili hulipasua. Liache lipoe, lijaze maji ya uvuguvugu na sabuni, na uliache lilowe. Mifupa na muundi usivitupe: vichemshe kwa lita moja na nusu ya maji pamoja na kitunguu na pilipili manga kwa saa moja na nusu, ukamulie ndimu, na utakuwa na supu ya asubuhi ya kunywea chapati.